Kwa Nini Joto Hulala Mjini

Zamani hizo, mawe yalipokuwa bado hayajajua kubeba jua, Joto alikuwa mgeni wa mchana tu. Aliingia asubuhi, mjini na shambani sawasawa, na magharibi akaaga. Udongo mbichi haukumpa pa kukaa, miti ilimzuia njiani, na Upepo alimsindikiza mpaka nje kabisa. Msinibishie, ndivyo ilivyokuwa.

Katika mji wa Mitondooni, uliopewa jina kwa miti yake ya mitondoo, aliishi Bi Kidawa, bibi aliyesifika kwa ulimi mkali na magoti mabovu. Kipupwe kimoja, baridi ilimtesa hata kusimama akawa hawezi bila kushika ukuta. Jioni moja akamkingia Joto njia mlangoni.

"Mgeni wangu, unaniachaje na magoti haya? Lala hapa leo."

Joto akacheka. "Nilale wapi, mama? Nyasi zako mbichi, mti wako umetanda ua mzima, na huyu Upepo ananisukuma mgongoni."

Bi Kidawa hakuwa mtu wa kushindwa. Aliukata mtondoo wake, akang'oa nyasi, akasakafia ua kwa mawe, kisha akajenga ukuta kuziba kichochoro alimopita Upepo. Jioni iliyofuata Joto alijilaza ndani ya mawe, na bibi akalala amenyoosha miguu kama bibi harusi. Asubuhi aliwaita majirani waone anavyochuchumaa. Nani alitaka kupitwa? Kabla ya mvua kunyesha, mji mzima ulikuwa umesakafiwa, na mitondoo yote imeishia kwenye matanuri ya kuchoma chokaa ya kuta, ambayo nayo yalizidi kumpa Joto nguvu.

Kipupwe kikaisha, kaskazi ikaingia, na Joto hakuondoka. Ndipo binti wa Bi Kidawa alipojifungua mtoto wa kike, Mwanamvua. Hata siku kumi hakufikisha, harara zilikuwa zimemjaa toka shingoni hadi mapajani. Alilia mpaka sauti ikakauka, akakataa ziwa. Bibi alimpepea mpaka mkono ukafa ganzi. Alijua fika nani aliyemwita yule mgeni, na moyo ulimuuma kuliko magoti yalivyopata kumuuma.

Akatoka uani. "Mgeni wangu, umekaa vya kutosha. Nenda."

"Mgeni?" Joto akajibu kutoka mawe ya chini. "Mimi nina kitanda hapa. Anayetaka niondoke na akivunje."

"Nilikitandika mimi," akasema Bi Kidawa, "nitakivunja mimi."

Akachukua mtaimbo, akaanza kung'oa jiwe baada ya jiwe. Majirani walichungulia na kucheka wakisema bibi wa watu kachanganyikiwa. Aliubomoa ukuta wa kichochoro, akaumwagia udongo maji ya kisima, akapanda mche wa mtondoo. Mti ulihitaji miaka, lakini udongo mbichi haukungoja. Jioni ile ile Upepo aliingia akinukia tope, akamshika Joto mkono, wakatoka wote. Mwanamvua akanyonya, akalala.

Wenye watoto wachanga waliposikia kimya kile, walikuja kuazima mtaimbo. Wengine waliziangalia nyua zao zilivyong'aa, wakaona uchungu kuzivunja.

Na tangu siku hiyo, Joto huaga shambani magharibi lakini mjini hulala. Hata ndani ya mji mmoja utakata kona ukute hewa nyingine kabisa, yenye ubaridi. Tazama chini, utaona udongo. Na Mitondooni, mtoto akizaliwa, bibi yake hung'oa jiwe moja uani kabla mtoto hajatolewa nje.

Magoti ya Bi Kidawa yalirudi kumuuma kila kipupwe, mpaka mwisho wa maisha yake. Walipomuuliza kama hajuti, aliwaonyesha kwa kidevu mkeka alipolala Mwanamvua.

"Semeni polepole," akasema. "Niacheni niumwe. Mtoto kalala."