Sinia Linalotembea Lenyewe

Kabla hujaisambaza ile klipu ya bibi harusi mweusi uliyotumiwa leo, soma kwanza habari hii. Kisha mtumie aliyekutumia.

Katika mji mmoja wa India palikuwa na mchekeshaji aitwaye Bansilal. Alivuma kwa mchezo mmoja tu. Alivaa sari, akajipaka masizi usoni, akaingia jukwaani na sinia la chai kama msichana anayekuja kutazamwa na wakwe. Mwenzake aliyeigiza baba mkwe alijifanya haoni mtu kwa weusi ule, akashtuka na kuuliza, "Jamani, mbona sinia linatembea lenyewe?"

Bansilal akajibu kwa sauti nyembamba ya kike, "Ni mimi, baba mkwe, umeme umekatika!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mchezo ukaonyeshwa kwenye televisheni, ukaingia kwenye simu, na vijana wakawa wanawarushia wasichana weusi maneno hayo njiani. Aliyekasirika aliambiwa hajui utani. Hapo ndipo mimi hukereka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Bansilal alikuwa na binti, Revati, mweusi kama mama yake. Alimpenda kweli, wala sisemi kwa kejeli. Alikuwa akimwambia, "Mwanangu, ule ni mchezo tu. Husemwi wewe."

Ikatokea mwalimu mmoja kijana, Dinkar, akampenda Revati, naye Revati akampenda. Kwa desturi yao, wazazi wa kijana huja nyumbani kumtazama msichana, naye huwaletea chai kwa mkono wake, macho yote yakiwa kwake.

"Mama, wakinikataa je?" Revati aliuliza jikoni, wageni walipokwisha kuketi.

"Hawatakukataa. Wewe peleka chai, usitetemeke."

Baba yake Dinkar alikuwa mzee mcheshi. Furaha ya kuketi na mtu maarufu ilimjaa. Alipomwona Revati mlangoni, hakuwa na ubaya moyoni. Alitaka tu kumheshimu mwenye nyumba kwa maneno ya mchezo uliompa umaarufu.

"Jamani," akasema, "mbona sinia linatembea lenyewe?"

Bado palikuwa na nafasi. Bansilal angeweza kukohoa, angeweza hata kuuliza habari za safari. Lakini ulimi uliozoea jukwaa haungoji ruhusa. Ile sauti nyembamba ikamtoka:

"Ni mimi, baba mkwe, umeme umekatika!"

Wageni wakaangua kicheko. Dinkar naye akacheka kidogo, kisha akainamisha kichwa. Revati akampa kila mtu kikombe chake bila kumwaga hata tone, akaingia ndani.

"Tumempenda!" mzee alisema wakati wa kuaga. "Rangi si kitu. Sisi kwetu ni watu wa utani, atazoea."

Bansilal akakimbilia chumba cha binti yake. "Revati, wamekukubali!"

"Mimi nimewakataa, baba."

"Kwa neno moja la mzee? Yule hakujua kama atakuumiza."

"Yule ni mgeni, hanijui. Wewe ulijua ni nani aliyebeba sinia."

Bansilal akarudi sebuleni, akakusanya vikombe vya wageni.

Dinkar alikuja kuomba radhi. Akajibiwa kwa upole kwamba hakuna kinyongo, ila asirudi. Revati akahamia kwa shangazi yake katika mji wa mbali, akapata kazi hospitalini. Bansilal akaacha jukwaa. Kundi lake likamtafuta mwingine wa kuvaa sari na kupakwa masizi, na ukumbi unajaa kama kawaida.

Kila sikukuu mama humpigia Revati simu, wakaongea na kucheka. Bansilal huketi karibu, akingoja binti yake aseme, "Nipe baba nimsalimie." Simu hukatwa kabla Revati hajamtaja.

Funzo: Ukiwafundisha watu kumcheka mtoto wa mwenzio kwa jinsi alivyoumbwa, siku moja watamcheka wa kwako, tena wakidhani wanakuheshimu.