Shomari Aliyetupa Kiini Chake

Yote haya niliyaona kwa macho yangu mawili. Anayebisha aniambie yeye alikuwa wapi siku kisima kilipomfukia Nassibu mchimbaji hadi kifuani, na sururu ikampasua paja. Mimi niliingia mwilini mwake kwa mlango wa kidonda, nikatoka kwa jasho.

Ndani ya damu ya Nassibu waliishi watatu. Makame mweupe, mlinzi, alitembea na kiini chake tumboni, na katika mji ule kiini ndiyo hati ya uenyeji: mwenye nacho huitwa seli, asiye nacho huitwa chombo. Bi Tatu, mziba nyufa, hakuzaliwa nacho. Alikuwa kipande tu kilichomeguka kwa mama yake mwenye mwili mkubwa kule ubohoni, ndani ya mifupa. Shomari mwekundu alizaliwa nacho, ila siku ya kuondoka nyumbani alikitupa nje. Alipewa kazi ya kubeba hewa, na kiini kilimjazia nafasi.

"Umetupa hati, kaka?" Makame alimcheka. "Wakikuuliza wewe nani, utasemaje?"

"Nitasema nina mzigo, nipisheni."

Basi kisima kikaporomoka. Vijidudu vya udongoni viliingia kwa makundi. Makame akavimeza kimoja baada ya kingine mpaka akavimba, asirudi nyuma hata hatua.

Damu ikawa inamwagika. Bi Tatu akajilaza mdomoni pa kidonda, akashikana mikono na dada zake, wakawa ukuta.

Hewa ikawa kiduchu, kifua kimebanwa na udongo. Shomari aliichota hiyo hiyo kiduchu, akaifikisha kwenye ubongo, akarudi kuchota tena, akijikunja katika vichochoro vyembamba kuliko mwili wake. Na katika hewa yote aliyobeba, yeye hakuila hata pumzi moja.

Alasiri Nassibu akavutwa juu kwa kamba, mzima.

Lakini wale watatu walikuwa wamechakaa, na waliochakaa huishia kwa Bibi Bandama. Kwake kuna ufa, na kila mwekundu lazima aupite. Kijana huteleza. Shomari, ngozi ishakakamaa, alipitisha kichwa, tumbo likakwama. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki.

"Vyombo vikuukuu mimi huvivunja," Bibi Bandama alisema, na ufa ukakaza. "Leo, kwa ajili ya Nassibu, nimeruhusiwa kumwandika mmoja wenu Seli wa Kweli. Huyo nitamwachia. Kiini chako kiko wapi, mjukuu wangu?"

"Nilikitupa, bibi."

"Nani alikutuma?"

"Kazi."

Makame akakohoa nyuma yake. "Shikamoo bibi. Kaka yangu namhurumia, lakini sheria haina huruma. Mimi ninacho, na nimekilinda vita vizima. Na nisingepigana, mngebeba hewa kuipelekea maiti."

"Marahaba. Na wewe, Tatu?"

"Mimi sikupewa, bibi. Mtu anahukumiwaje kwa kukosa asichopewa? Hawa wawili nisingewazibia mlango, saa hizi wangekuwa tope."

Shomari alijaribu kugeuka awatazame wenzake, akashindwa. Aliona ukuta tu, na ukuta ulikuwa unasogea.

"Ningebaki nacho," alisema polepole, kwa kuwa kifua hakikuwa na nafasi ya maneno mengi, "ningebeba hewa pungufu. Nassibu angekuwa bado yuko kule chini. Amekwama kama mimi."

Bibi Bandama akasema, "Hili limenishinda. Nitangoja wasikilizaji waamue."

Haya, ninyi mlioketi. Aliyekitunza, asiyewahi kukipata, na aliyekitupa ili mwingine apumue. Wewe kalamu ungeipeleka kwa nani?

Fikirini, ila msikae sana. Katika yote niliyosimulia nimetia chumvi mahali pamoja tu: Bibi Bandama hakusema kwamba atangoja.