Beberu Aliyeliwa na Printa

Anunuaye kinywa aulize chakula. Juzi nilimwambia Rajabu maneno hayo alipokuja na habari za pikipiki ya bei chee, nanyi nyote mkacheka, mkadhani bibi yenu ameanza kuchanganyikiwa. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na haikuanzia mbali: ilianzia kwa kaka yangu Ntandu, hapa hapa Singida, mwaka aliomwoza binti yake Sauda.

Ntandu alikuwa mchuuzi wa mbuzi, na ubishi alizaliwa nao. Ulipofika wakati wa kadi za michango ya harusi, alikataa katakata kuzipeleka mjini. Alisema atanunua printa ya leza, azichapishe mwenyewe nyumbani, na harusi ikiisha printa ibaki kuwa mali. Nanyi mnajua, bila kadi hakuna michango, na bila michango hakuna harusi. Kwa hiyo furaha yote ya Sauda ilikuwa mikononi mwa baba yake na mashine hiyo.

Tukaenda dukani, mimi naye. Palikuwa na printa mbili. Binti muuzaji akaanza kueleza, "Mzee, hii ya bei ndogo, wino wake..."

Ntandu akamkatiza. "Mwanangu, mimi nachagua mbuzi tangu mama yako hajaolewa."

Akaziinua moja moja kusikia uzito, akazigonga ubavuni, akainama kuzitazama mdomoni. Ile ya bei ndogo ndiyo iliyokuwa nzito. "Hii ina nyama," akasema, akalipa, akaibeba. Mimi nikamfuata, maana kubishana na Ntandu ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mwanzoni nyumba nzima ilisifu. Kadi zilitoka nyeusi tii, jina la Sauda kushoto, la bwana harusi Yasini kulia. Ntandu, kwa majivuno yake, akaweka chini ya jina la Sauda picha ya beberu wake mweusi aliyemtenga kwa ajili ya pilau, ili wachangaji wajue hawachangi bure. Kumbe mashine ile ilikuja na wino wa kuonjesha tu, na picha ya beberu mweusi inaunywa kama maji! Kadi zikaanza kupauka upande wa kulia. Tukautoa mkebe wa wino, tukautikisa kama kibuyu cha maziwa. Zikatoka chache nzuri, zikapauka tena. Ntandu akaamuru zigawiwe hivyo hivyo, eti watu wanajua nani anamwoa nani.

Moja ikafika kwa wakwe. Mshenga wao, Mzee Mghenyi, naye mchuuzi wa mbuzi, akaja nayo mkononi, hata kiti hakukitaka.

"Ntandu, ndugu yangu, hapa namwona Sauda. Namwona na beberu. Kijana wetu yuko wapi?"

"Wino uliisha, mzee mwenzangu."

"Huko kwetu wanauliza kama binti anaolewa na beberu. Mama yake Yasini amesema kadi zisiporudiwa, hakuna ndoa."

Sauda aliyasikia hayo akaangua kilio, na mimi roho iliniuma sana. Ntandu akakimbilia dukani. Akaambiwa wino wa printa ile uagizwe Dar, na bei yake inakaribia ya printa yenyewe. Wa ile nyingine ulikuwepo kila duka. Akarudi, akamfungua beberu, akamwambia Mghenyi, aliyekuwa bado anasubiri uani, amnunue ili pesa ya wino ipatikane.

Mghenyi akampapasa mnyama mgongoni. "Anakula nini huyu?"

Ntandu akachangamka. "Pumba asubuhi, majani ya viazi mchana, na magadi kidogo. Mahindi mabichi usimpe, atavimba."

"Vizuri. Na yule uliyemfuga juu ya meza, naye ulimuulizia chakula? Anunuaye kinywa aulize chakula, bwana."

Ntandu akamkabidhi kamba ya beberu, akapokea pesa, akaenda kuagiza wino.

Kadi zilirudiwa, Yasini akaonekana, ndoa ikafungwa. Wageni walipofunua sahani wakakuta wali kwa maharage, mmoja akauliza beberu wa kwenye kadi yuko wapi.

"Ameliwa na printa," Sauda akasema, akacheka mpaka wanja ukamtiririka.

Sasa wewe Rajabu, pikipiki yako inakunywa mafuta kiasi gani, na vipuri vyake vinauzwa wapi? Unainamisha kichwa. Nenda kaulize kwanza, mjukuu wangu, ndipo uje tuzungumze. Anunuaye kinywa aulize chakula.