Kinu cha Mwanashungi

Sogeeni, mwenye sikio alitege. Paliondokea mjane, Mwanashungi, aliyepewa kinu na jini wa kisimani. "Kila asubuhi kitajie nia yako ya siku," jini alimwambia, "nacho kitajaa."

"Leo nia yangu nimlishe mgonjwa." Mchele ukajaa pomoni. "Leo nia yangu niwalishe yatima." Ukajaa. "Leo nia yangu nimlishe shoga yangu Mashavu." Ukafurika.

Jioni Mashavu akaja kuazima kinu. Nani humnyima jirani kinu? Akampa. Kulipokucha Mwanashungi akakifuata uani kwa Mashavu.

"Shoga, kinu changu?"

"Kinu gani? Hiki cha marehemu mama yangu!"

Mwanashungi akakigusa. "Leo nia yangu nijue ukweli."

Kinu kikatoa maneno kiliyoambiwa alfajiri, kwa sauti ya Mashavu mwenyewe: "Leo nia yangu, Mwanashungi alale njaa."

Loo! Mtu aliyekula naye sinia moja tangu utoto! Akajitwika kinu chake, akarudi kwake.

Asubuhi akasimama na mchi. "Leo nia yangu niwalishe majirani." Kitupu. Akarudia. Kitupu. Akarudia tena. Kitupu.

Kinu hakisikilizi mdomo, jamani, bali moyo, na moyo wake ulibaki na kinyongo uani kwa Mashavu. Nami hapo ndipo nilipomwacha, mchi mkononi.