Chakula Kilichotoroka Mahabusu

Mpo?

Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Basi wewe Mwanahawa acha kutafuna, utawasikilizisha wenzako mahindi badala ya ngano.

Palikuwa na Fisi, askari wa kijiji. Kutwa kasimama njiani, kofia imemfunika masikio. Kanga akipita: "Simama! Umebeba nini?" "Mtama, afande." "Wa wizi! Kidhibiti hicho, mahabusu!" Digidigi akipita: "Simama! Umebeba nini?" "Viazi, afande." "Vya wizi! Kidhibiti hicho, mahabusu!" Mahabusu ikajaa vyakula, mwizi hata mmoja hamna. Wanyama wakamchukia Fisi, hata salamu wakamnyima.

Siku hiyo akapita Mama Pimbi na kikapu cha kunde. Wanawe walikuwa hawajala tangu jana.

"Za wizi! Mahabusu!"

Pimbi moyo ukamuuma, lakini hakulia. Akauliza.

"Samahani, afande. Chakula unakifungia nini?"

"Kisitoroke."

"Kumbe chakula hutoroka?"

"Hutoroka sana!"

"Ndiyo maana! Gunia la Kanga jana lilijaa, leo nusu. Mtama umetorokea wapi?"

Fisi akameza mate, gu! "Di... dirishani."

"Makubwa! Mtama unapitaje pale? Mi natamani kujua. Ingia ukauvizie, afande. Nitafunga mlango kwa nje, usikuponyoke."

Fisi akawaza: peke yangu, na chakula, mlango umefungwa, nani ataniona? "Shika ufunguo. Funga kabisa!"

Kwaa!

Punde, ndani: tafu, tafu, tafu.

Pimbi akapiga ukunga: "Jamani, njooni muone chakula kinavyotoroka!" Wakaja wote, wakachungulia dirishani. Afande kiazi mdomoni, mtama hadi puani.

"Nifungulieni! Mi askari!"

"Tutakufungulia," akasema Pimbi. "Kwanza tupitishie vyetu hapo dirishani."

Akapitisha viazi. Akapitisha mtama. Akapitisha kunde, zote, huku machozi yanamtoka. Jioni ile wana wa Pimbi wakala, wakashiba.

Fisi alipofunguliwa akatoka kofia mkononi, akainama. "Shikamoo, Mama Pimbi."

"Marahaba, afande. Kumbe kusalimia unajua?"

Ngano nimeitua hapo, mwenye kichwa kipana aibebe.

Na fundisho mlishike: askari haulizwi maswali. Pimbi aliuliza, na yaliyompata mnayaona: mpaka leo hajarefuka.