Chungu Hakichomwi Peke Yake

Chungu hakichomwi peke yake. Jana mlimsikia mwalimu wenu wa kwaya akimwambia hivyo yule binti aliyegoma kuimba, nanyi mmenijia mbio kuuliza vyungu vimeingiaje kwenye kwaya. Mmoja wenu amekwisha kunipa jibu lake, eti maana yake ni kubana matumizi ya kuni. Haraka haraka haina baraka, mjukuu wangu. Kaeni vizuri, niwaeleze maneno hayo yalikotoka.

Milimani Upare palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Kufinyanga ilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume aliyesogelea shimo la udongo alifukuzwa kwa maneno ambayo sitayarudia mbele yenu. Katika kijiji hicho aliishi Nakijwa, binti wa marehemu Nanzia. Huyo Nanzia alikuwa bingwa. Chungu chake ukikigonga kwa kidole kinalia, na sokoni watu walikiulizia kwa jina lake. Kuzaliwa na bingwa ni neema, lakini pia ni mzigo, maana kila anayekutazama anamtafuta mama yako usoni pako. Watu walizoea kumwambia Nakijwa kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Yeye akisikia hivyo, anageuza njia.

Sasa sikilizeni desturi yao. Vyungu vyote vya kijiji vilichomwa siku moja, katika rundo moja, juu ya kuni na samadi kavu, kisha vikafunikwa kwa vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyopasuka zamani, ili upepo usivipige. Lakini kabla ya kuchomwa, wanawake walikaa duara, kila mmoja na jiwe lake laini, wakavisugua vyungu ving'ae. Hakuna aliyesugua chake mwenyewe tu. Chungu kilizunguka duara lote, mkono hadi mkono, hadi kila mmoja awe amekigusa, na huku wanaimba na kutaniana.

Nakijwa aliuogopa mzunguko ule. Aliona aibu mikono ya watu wazima ipapase kazi yake na kugundua palipopinda. Kwa hiyo mwaka wake wa kwanza alijichelewesha makusudi nyumbani, akafika kiwanjani wakati vyungu vinapangwa, akakichomeka chake katikati. Moto haujakolea vizuri, pa! Chungu chake kilipasuka, vipande vikaruka na kuvunja vyungu vitatu vya wenzake, kimoja kikiwa cha harusi. Hakuna aliyemgombeza. Walimpa pole, wakamwambia ndiyo kazi. Lakini mtu mwenye hofu hata pole huisikia kama tusi, na Nakijwa alirudi nyumbani akilia njia nzima.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kiwanjani. Hakuacha kufinyanga, la. Udongo ulikuwa damuni mwake. Alifinyanga kwa siri nyuma ya jiko, akachoma kwa siri katika kishimo cha peke yake, chungu kimoja kimoja. Na kila kimoja kilipasuka. Vigae alivifukia shimoni migombani ili hata mumewe asivione. Kadiri shimo lile lilivyojaa ndivyo alivyozidi kuamini kuwa mama yake alikwenda kaburini na ufundi wote, na yeye alibakiziwa jina tu.

Muda nao haukumngoja. Sheria ya shimo la udongo ilisema kwamba mwanamke asiyeleta chungu motoni kwa miaka mitatu mfululizo, nafasi yake apewe mwingine. Kila ukoo ulikuwa na pembe yake ya kuchimba, na pembe ya Nanzia ilikuwa na udongo mweusi, laini, usio na mchanga. Miaka miwili ilikuwa imepita. Huu ulikuwa wa tatu, siku ya moto ilikuwa imefika, na Nakijwa alikuwa amejifungia ndani na chungu kimoja kibichi kilichofichwa chini ya kitanda. Alikuwa amekwisha kukata shauri. Afadhali apoteze pembe ya mama yake kuliko kupasuliwa moyo mara ya pili mbele ya watu.

Asubuhi hiyo akasikia hodi. Alikuwa Nambike, dada mkubwa wa mama yake, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika kijiji cha pili.

"Mwanangu, huna vigae humu? Mwaka huu vimepungua mno, na upepo umeanza. Tusipofunika rundo vizuri tutaumia wote."

"Sina, mama mkubwa," Nakijwa alijibu bila kumtazama.

"Sawa. Basi nipe jembe nichimbe mihogo miwili mitatu, maana leo tunashinda kule."

Kabla Nakijwa hajapata uongo mwingine, Nambike alikwisha kuchukua jembe na kuzunguka nyuma ya nyumba. Mihogo ilikuwa pembeni mwa migomba. Pigo la kwanza, jembe likalia ka! Pigo la pili, ka! Nambike akainama, akafukua kwa mikono, na kadiri alivyofukua ndivyo vigae vilivyozidi kutoka, vipya, vya miaka miwili, shimo zima. Nakijwa alisimama mlangoni akiomba ardhi ipasuke immeze.

Nambike alipiga kigelegele.

"Kumbe una hazina! Sisi tunahangaika kuokota vigae njiani, wewe umevilaza kama mbegu!"

"Mama mkubwa, usinicheke. Hivyo ni vyungu vyangu. Vyote vimepasuka. Mimi siwezi kazi hii."

Nambike aliacha kucheka. Akachukua kigae kimoja cha kitako, akakitazama ukingo wake.

"Ulivichomea wapi?"

"Hapa hapa. Kimoja kimoja."

"Peke yako? Katika kishimo hiki, na upepo huu?" Akatikisa kichwa. "Lete kapu tujaze. Na hicho ulichoficha, kilete pia. Usiniambie hukuficha kitu. Mikono yako ina udongo wa juzi."

Nakijwa hakuwa na pa kukimbilia. Alibeba kapu la vigae kichwani na chungu kibichi kifuani, akamfuata. Walipomwaga kapu kiwanjani, wanawake walishangilia. Vigae vile viliangukia juu ya rundo la vigae vya zamani, na Nambike akaanza kuokota kimoja kimoja.

"Hiki ni changu cha mwaka wa njaa. Hiki ni cha Namkunda huyu hapa, alilia siku nzima kwa ajili yake. Na hivi, Nakijwa, tazama nakshi ya shingoni. Unaijua?"

Nakijwa aliijua. Ilikuwa nakshi ya mama yake. Vilikuwa vigae vingi, vya vyungu kumi au zaidi.

"Mama alivunja vyote hivi? Mbona hakuniambia?"

"Kila mwaka ulimwona akija hapa na kapu kichwani. Ulidhani kapu lina nini?"

Nakijwa miaka yote alidhani mama yake anawabebea wengine vigae vyao. Akakaa chini katika duara, na kabla hajajua la kufanya, chungu chake kilikuwa kimeshatoka mikononi mwake na kuanza kuzunguka. Yeye akapewa cha jirani akisugue. Mwanzoni jiwe lilimponyoka. Wenzake walikuwa wamekwisha kuanza wimbo, na wimbo ule ulitaka kila jiwe liende pamoja na sauti, basi mkono wake ukafuata. Alikuja kugundua baadaye kwamba jiwe lilikuwa limeacha kumponyoka, lakini ni lini hasa, hakujua.

Chungu chake kilipofika kwa Namkunda, kikakwama. Namkunda alikuwa na ulimi mkali, na Nakijwa akafumba macho. Namkunda alikigeuza, akakiweka kitako shavuni, akatulia.

"Hiki kina baridi huku chini," alisema. "Hakijakauka, kikiingia motoni hivi kitapasuka. Kitako chake ni kinene."

"Kinene kama cha Nanzia," Nambike akadakia. "Naye alikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana vyungu vyake vinalia, na ndiyo maana alivikausha siku tano zaidi ya wenzake. Mwanangu, mkono wako hauna kosa. Ungekipitisha duarani mwaka ule, shavu la mtu lingekwambia."

Hebu fikirini miaka miwili ya machozi, na dawa yake ilikuwa shavu la Namkunda! Nakijwa alicheka na kulia kwa wakati mmoja, kamasi zikamtoka, na hakuna aliyemjali. Walikiinamisha chungu chake kando ya makaa yaliyoletwa ya kuwashia moto, wakakigeuza na kukigeuza. Jua lilipanda. Kuni zilikuwa tayari, watu walikuwa na njaa, lakini kijiji kizima kilingoja kitako cha Nakijwa kikauke. Namkunda alipokiweka tena shavuni na kusema, "Haya, kimekubali," ndipo walipokipanga katikati ya vingine, wakafunika kwa vigae, wakawasha.

Moto ulipokolea, ukasikika mlio. Pa!

Wimbo ukakatika. Nakijwa alijua ni chake, kingekuwa cha nani kingine? Walingoja hadi moto uzimike, majivu yapoe. Nambike akaondoa vigae kwa fimbo, cha kwanza, cha pili, hadi katikati. Kilichopasuka kilikuwa cha Nambike mwenyewe, kikubwa kuliko vyote. Kando yake chungu cha Nakijwa kilikuwa kizima, chekundu, na doa jeusi la moshi ubavuni. Nambike alikigonga kwa kidole. Kikalia.

Kisha akaokota vipande vya chungu chake, akavitupa kwenye rundo la vigae, akavuta pumzi.

"Mwakani hatutapungukiwa," alisema, akaenda kula mihogo.

Mvua zilipopita, Nakijwa alishuka shimoni, akasimama kwenye pembe ya mama yake. Namkunda, aliyekuwa pembe ya pili, hakumwacha apite bila neno.

"Kumbe upo! Miaka miwili ulikuwa wapi, binti wa Nanzia?"

Nakijwa aliingiza mikono katika ule udongo mweusi, akauminya hadi ukatokea kati ya vidole.

"Nilikuwa migombani, nachoma peke yangu," alisema. "Nimejaza shimo zima kabla ya kujua jambo moja. Jamani, chungu hakichomwi peke yake."