Mize na Zimwi la Tanuri

Sogeeni karibu, niwape habari za Mize mfinyanzi.

Mize alichoma vyungu, vikapasuka. Akachoma tena, vikapasuka. Mara ya tatu vilipopasuka, zimwi likatokea katika moshi wa tanuri.

"Acha kugusa udongo," likasema, "nami kila asubuhi nitakuwekea vyungu vizima mlangoni."

Mize alikuwa amechoka, na majirani walishaanza kumcheka. Akaitazama mikono yake.

"Sasa asubuhi nitaamkia nini?" akauliza. "Hapana, Bwana Zimwi. Afadhali vipasuke."

Akaanza kukanda udongo upya. Zimwi likamtazama, likashindwa kuondoka. Likaketi, likaomba donge, likafinyanga. Chungu chake kikabomoka, nalo likacheka, likaomba donge jingine.

Hapo ndipo nilipowaacha, wote wawili wamejaa tope.